A au S? Shika Namba Moja, Chunga Uliyoiachia

Ndugu wapiga picha wenzangu,

Kila panapofundishwa kamera huulizwa swali hili: nipige kwa A au kwa S? Jibu lililozoeleka ni kwamba A ni ya sura za watu na mandhari, S ni ya michezo. Si uongo, ila halimfikishi mtu mbali. Mpiga picha wa mpira aliyebobea mara nyingi utamkuta kwenye A, na anayepiga maporomoko ya maji utamkuta kwenye S, ilhali maporomoko nayo ni mandhari. Kanuni ninayoitetea leo ni nyingine. Shika mwenyewe ile namba, ya tundu la lenzi au ya kasi ya shata, ambayo ikikosewa picha haiokoleki, nyingine iachie kamera, kisha macho yako yakae kwenye ile uliyoiachia. Picha nyingi zinazoharibika kwenye modi za nusu otomatiki huharibiwa na namba ambayo mpiga picha hakuishika wala hakuitazama.

Tuwekane sawa kwanza kuhusu herufi. Kwenye Nikon, Sony na Panasonic, A ni modi ambayo wewe unachagua tundu la lenzi (uwazi unaopitisha mwanga) na kamera inachagua kasi ya shata (muda ambao mwanga unaingia). S ni kinyume chake. Canon na Pentax huziandika Av na Tv. Kamera nyingi za Fujifilm hazina gurudumu la modi kabisa: ukichagua tundu na kuacha gurudumu la shata kwenye A, uko kwenye modi ya tundu, ukichagua shata na kuacha tundu kwenye A, uko kwenye modi ya shata, ukiacha zote mbili kwenye A, hiyo ni P, ambapo kamera huchagua tundu na shata yenyewe. Nitatumia A na S, mwenye Canon atafsiri kichwani.

Modi hizi ni za zamani kuliko kamera za dijitali. Konica Auto-Reflex ya 1965 ilimwachia mtu shata, yenyewe ikachagua tundu. Minolta XD ya 1977 ikaziweka modi zote mbili katika kamera moja, na Canon A-1 ya 1978 ikaongeza P. Mantiki haijabadilika tangu hapo. Kilichobadilika ni ISO, yaani wepesi wa kuhisi mwanga, ambayo enzi za filamu ilikuwa moja kwa mkanda mzima na sasa hubadilika kwa kila picha. Nitairudia baadaye, kwa sababu hapo ndipo wengi hunaswa.

Sasa kwa nini A na S hazilingani, ingawa zinafanana kwenye karatasi? Hesabu ni hii. Mwanga hupimwa kwa hatua, na kila hatua ni mara mbili au nusu. Shata ya kamera ya kawaida huenda kutoka sekunde 30 hadi 1/4000, yaani takriban hatua 17. Tundu la lenzi ya f/2.8 linalofungwa hadi f/22 lina hatua 6 tu: f/2.8, f/4, f/5.6, f/8, f/11, f/16, f/22 (namba ikiwa ndogo, tundu ni pana). Lenzi ndogo inayouzwa pamoja na kamera, ile ya 18-55mm, ikivutwa hadi 55mm huanzia f/5.6, kutoka hapo hadi f/22 ni hatua 4. Kwa hiyo ukiwa kwenye A, kamera ina hatua 17 za kutafutia mwangaza unaofaa. Ukiwa kwenye S ina 6, au 4. Mwanga ukibadilika kidogo tu, nafasi imekwisha.

Ndiyo maana makosa ya modi hizi mbili hayafanani. Kosa la A ni picha yenye mwangaza mzuri lakini iliyotikisika, kwa kuwa kamera ilishuka hadi 1/15 bila kukuuliza. Kosa la S ni picha kali lakini ya giza au iliyoungua kwa mwanga mwingi, kwa kuwa tundu lilifika mwisho na kamera ikapiga hivyohivyo. Ukijua modi yako inaharibikia wapi, unajua pa kutazama.

Nianze na A, kwa sababu ndiyo itakayokufaa mara nyingi zaidi. Mtu mmoja amekaa, unataka nyuma yake pafifie: f/2 au f/2.8. Kundi la watu katika safu mbili au tatu: f/5.6 hadi f/8, la sivyo safu ya mbele itakuwa kali na ya nyuma imefifia. Mandhari: f/8 hadi f/11. Wengi hukimbilia f/22 wakidhani kila kitu kitakuwa kikali zaidi. Tundu likiwa dogo kiasi hicho, mwanga hutawanyika kwenye kingo zake na picha nzima hulainika. Nenda f/16 au f/22 pale tu ambapo jiwe lililo karibu na miguu yako na mlima wa mbali vyote lazima vionekane.

Ukishachagua tundu, bonyeza kitufe cha shata nusu na usome kasi. Hapo kuna sakafu mbili za kukumbuka, na ni tofauti. Ya kwanza ni mtikisiko wa mikono: kwa lenzi ya 50mm usishuke chini ya 1/50, kwa ya 200mm usishuke chini ya 1/200, na kama sensa (kipande kinachopokea mwanga ndani ya kamera) ni ndogo ya APS-C zidisha kwa 1.5, au 1.6 kwa Canon. Kwa hiyo 200mm inakuwa 1/300 au zaidi. Sakafu ya pili ni mwendo wa unachopiga: mtu aliyesimama akiongea anahitaji 1/125, anayetembea 1/250, watoto wanaocheza 1/500, ndege anayeruka 1/1600 na kuendelea. Kidhibiti mtikisiko kilichomo ndani ya lenzi au kamera huishusha sakafu ya kwanza peke yake. Mkono wako utatulizwa, mtoto anayekimbia hatatulizwa. Mtu akikuambia lenzi yake inaweza kupiga kwa 1/8 mkononi, anasema kweli, ila muulize anapiga nini.

Kasi ikiwa chini ya sakafu, una njia mbili: fungua tundu zaidi au pandisha ISO. Kutoka 1/30 hadi 1/125 ni hatua mbili, basi ISO 400 iwe 1600. Usiogope chenga, zile nukta nukta zinazoletwa na ISO kubwa. Picha yenye chenga husafishwa kwa programu na watu wakaiona. Iliyotikisika haina programu ya kuiokoa ipasavyo.

A ina dari pia, ingawa hukumbukwa mara chache. Jua kali la mchana kwa ISO 100 ni takriban 1/100 kwa f/16. Fungua hadi f/1.4, hizo ni hatua 7, kamera itataka takriban 1/12800. Kama shata yako huishia 1/4000, picha itaungua kwa zaidi ya hatua moja na nusu. Namba ya shata itakuwa ikimetameta kukuonya, lakini kwenye jua ni rahisi kutoiona. Funga hadi f/2.8, ambapo kasi inayohitajika ni takriban 1/3200, au washa shata ya kielektroniki, au vaa filta ya ND (kioo cheusi cha kupunguza mwanga) ya hatua 3.

Turudi kwa yule mpiga picha wa mpira. Ana lenzi ya f/2.8 na ISO 200. Kwenye S angechagua 1/1000, na juani kamera ingefunga tundu hadi karibu f/7.1. Mchezaji mkali, sawa, lakini mabango na mashabiki nyuma yake nao wakali, na picha imejaa fujo. Kwenye A kwa f/2.8, juani anapata karibu 1/6400 (kamera yake inafika huko). Wingu likipita na kupunguza hatua mbili anapata 1/1600. Kasi imeshuka, bado inatosha, mwangaza haujaharibika, na nyuma pamefifia muda wote. Tundu likiwa wazi kabisa, kamera inakupa kasi kubwa kuliko zote zinazowezekana kwa mwanga uliopo, na hakuna modi nyingine itakayokupa zaidi kwa ISO hiyohiyo. Kazi yake inabaki moja: kutazama kasi isishuke chini ya 1/1000, na ikishuka apandishe ISO.

Basi S ni ya nini? Kwa maoni yangu, S ni ya pale ambapo kasi fulani hasa ndiyo picha yenyewe, na kuizidi kunaharibu sawa na kuipunguza. Mara nyingi hiyo ni kasi ndogo. Mwendesha baiskeli unayemfuata kwa kamera ili yeye awe mkali na barabara iburutike anahitaji 1/30 hadi 1/60. Ukiwa kwenye A na jua likitoka, kamera itaruka hadi 1/500 na baiskeli itaonekana kama imeegeshwa. Helikopta nayo, au ndege ya propela: piga kwa 1/2000 na mapanga yatasimama, chombo kitaonekana kama kinaning'inia kwa uzi. Shuka hadi 1/125 au chini zaidi, mapanga yazunguke.

Maporomoko ya maji ndiyo mtihani mzuri wa S. Unataka maji yawe kama pazia, nusu sekunde hivi. Unaweka 1/2 mchana wa jua, ISO 100, namba ya tundu inaanza kumetameta kwenye f/22. Kwa nini? Kwa f/22 jua linataka takriban 1/50. Nusu sekunde ni mara 25 ya hapo, karibu hatua nne na theluthi mbili. Kamera haina pa kwenda tena, itapiga, na utapata karatasi nyeupe. Filta ya ND64 hupunguza hatua 6: kwa f/16 badala ya 1/100 unapata 0.6 ya sekunde, na tundu halijafika mwisho. Stendi ya miguu mitatu ni lazima. Kama kamera yako ni ya kioo cha ndani (DSLR), ziba dirisha la kutazamia unapoondoa jicho, maana mwanga unaoingilia nyuma huidanganya mita (kipima mwanga cha kamera) na picha hutoka na giza.

Upande wa pili wa S ni ukumbini usiku. Lenzi ya f/5.6, ISO 400, mtu anaweka 1/500 kwa kuwa ameambiwa vitu vinavyotembea vinataka kasi. Namba 5.6 inametameta, kamera inalia klik, na picha ni giza tupu. Hakuna kilichovunjika. Kamera imefungua tundu hadi mwisho na umeikataza kugusa shata. Hapo hata kitufe cha kuongeza mwangaza hakifanyi kitu, kwa sababu hakuna hatua iliyobaki ya kuongeza. Baadhi ya kamera zina mpangilio kwenye menyu unaoruhusu kamera kuivunja namba uliyochagua pale nafasi inapokwisha. Kwa kawaida huja umezimwa. Ujue uko wapi.

Kuna kazi moja ya S isiyotajwa vya kutosha, nayo ni taa. Taa za LED za bei rahisi na zile za mirija huwaka na kufifia mara mbili kwa kila mzunguko wa umeme. Penye umeme wa hertzi 50 hiyo ni mara 100 kwa sekunde. Penye hertzi 60, mara 120. Ukipiga kwa 1/640, picha moja itakuwa angavu, inayofuata ya giza, nyingine yenye michirizi ya rangi ya manjano na bluu. Ukiwa kwenye A hutajua kasi itakayochaguliwa. Nenda S, weka 1/100 au 1/50 penye hertzi 50, 1/125 au 1/60 penye hertzi 60, na picha zitalingana. Shata ya kielektroniki huzidisha tatizo hili, izime.

Sasa ISO otomatiki. Ukiiwasha, umeongeza namba ya tatu ambayo hukuishika, na kanuni ni ileile. Ingia kwenye menyu uweke mambo mawili: ISO ya juu kabisa unayoikubali, tuseme 6400, na kasi ya chini kabisa ya shata, tuseme 1/250. Kwenye A, kamera itabaki ISO 100 hadi kasi ishuke kufikia 1/250. Hapo itaanza kupandisha ISO badala ya kushusha kasi. Huu ndio mpangilio ambao ningempa mtu yeyote anayepiga watu wanaotembea huku na huku, ndani na nje. Lakini ISO ikifika 6400 na giza likazidi, kamera itashuka chini ya 1/250 kimyakimya. Kwa hiyo kasi bado inatazamwa. Kwenye S, kamera nyingi hufungua tundu lote kwanza ndipo ziguse ISO, na lile giza la ukumbini huondoka, kwa gharama ya chenga.

Wengine hupiga M, yaani manyuali, wakiwa na ISO otomatiki, wakashika tundu na shata pamoja. Pentax wameipa nafasi yake kwenye gurudumu kwa jina la TAv. Jina ni M, lakini kwa tabia hii ni modi ya tatu ya nusu otomatiki, na kwa ndege na wanyama porini ni nzuri sana. Mtego wake uko juani: f/2.8 na 1/500 kwenye jua inataka ISO chini ya 100, nayo haipo, basi picha inaungua kwa karibu hatua tatu wakati wewe unajisifu kuwa uko manyuali.

Niseme neno kuhusu mita yenyewe, maana kuchagua A au S hakuifanyi iwe na akili zaidi. Mita huona kiasi cha mwanga unaorudi, na hujaribu kukifanya kila kitu kiwe kijivu cha kati. Ukuta mweupe utatoka kijivu. Ongeza fidia ya mwangaza (kitufe cha +/-) ya +1 hadi +2. Suti nyeusi ikijaza picha itatoka kijivu vilevile, punguza -1. Mtu mwenye ngozi nyeusi mbele ya ukuta mweupe ndiye anayeonewa zaidi: kamera inauona ukuta, inapunguza mwanga, uso unazama. Anza na +1, kisha washa onyo la sehemu zilizoungua uone kama ni ukuta tu unaometameta au na mashavu. Uso huohuo ukijaza fremu nzima, mambo hugeuka: kamera itaung'arisha kupita kiasi na utahitaji -2/3 hivi.

Fidia haifanyi kazi moja katika modi zote. Kwenye A hubadilisha shata, kwenye S hubadilisha tundu. Maana yake ukiongeza +2 kwenye A ukiwa 1/125, umeshuka hadi 1/30, umeingia chini ya sakafu bila kugusa gurudumu la kasi. Na kamera nyingi hazifuti fidia unapozizima; +2 ya jana jioni itakungoja asubuhi. Izoee tabia ya kutazama alama ya +/- kabla ya picha ya kwanza.

Flashi huchafua hesabu zote hizi. Kwenye kamera nyingi za Canon, Av ikiwa na flashi huhesabu mwanga wa nyuma kana kwamba flashi haipo, hivyo ukumbini usiku shata inaweza kushuka hadi sekunde nzima: uso mkali, taa zote nyuma zimeburutika. Wengine hulitafuta hilo makusudi. Usipolitaka, kuna mpangilio wa kuifungia shata isishuke chini ya 1/60. Nikon kwenye A huja ikiwa imefungiwa 1/60 tayari. Nje juani shida ni ya upande wa pili: na flashi, shata nyingi haziwezi kuzidi 1/200 au 1/250, ilhali f/2.8 inataka 1/3200. Funga hadi f/11, au washa modi ya kasi kubwa ya flashi kama flashi yako inayo, ukijua kwamba nguvu yake itapungua sana.

P siipuuzi. Unapopokea kamera ya mtu na jambo linatokea sasa hivi, P itakupa picha. Ukizungusha gurudumu itahamisha tundu na shata pamoja bila kubadilisha mwangaza, na hapo imekuwa A ya haraka.

Zipo kazi ambazo modi zote hizi huziharibu. Picha kadhaa za kuunganisha kuwa panorama moja: kamera itabadilisha mwangaza kwa kila kipande na mishono itaonekana angani. Taa za studio: mita haiwezi kuona mwanga ambao haujawaka bado. Nyota: kwenye A kamera haipiti sekunde 30, na kwenye giza fokasi na mita zote zinabahatisha. Mfululizo wa picha za bidhaa kwenye meza moja chini ya taa zilezile: kila bidhaa nyeusi itatoka kwa mwangaza tofauti na nyeupe. Hapo nenda M, na ukitaka njia rahisi ya kufika huko, acha A ikupimie. Zima kwanza ISO otomatiki na urudishe fidia sifuri. Kwa panorama elekeza upande wenye mwanga mkali zaidi, bonyeza nusu, soma tundu, shata na ISO, geuza gurudumu hadi M na uweke namba hizohizo. Funga pia mizania ya rangi nyeupe (mpangilio unaosawazisha rangi za picha), isibaki otomatiki, kisha anza kupiga kutoka kushoto, kila kipande kikigusana na kilichotangulia kwa theluthi moja ya fremu.